Kabla hujakanyaga: kuielewa multiefekti mpya ya gitaa

"Kaka, gitaa lako naliona kwenye taa, silisikii kwenye spika."

Hayo aliniambia fundi mitambo wa kanisani kwetu Jumapili ya kwanza nilipopeleka multiefekti mpya, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha mlio wa gitaa kwa namna nyingi. Wiki nzima nilikuwa nimeisikiliza nyumbani usiku kwa hedifoni, na kila sauti niliyoifungua ilikuwa pana, inang'aa, ina mwangwi wa kujaza bonde. Asubuhi ile kinanda kikaingia, besi ikaingia, ngoma zikaingia, kwaya ikafungua midomo, na mlio wangu ukayeyuka kama chumvi kwenye maji. Taa za mikisa, ile mashine ya fundi ya kuchanganya sauti, zilipanda na kushuka kila nilipogusa nyuzi, maana yake umeme wa gitaa ulikuwa unafika salama. Kilichokuwa hakifiki ni gitaa.

Makala haya namwandikia mpigaji aliyeko pale nilipokuwa mimi. Amenunua kisanduku, amekaa nacho siku kadhaa, amezipitia sauti zote za kiwandani, na bado hajui kwa nini nyumbani kinaimba na jukwaani kinanyamaza. Kitabu cha maelekezo kitamwambia kila kitufe kinaitwaje. Jinsi vitufe hivyo vinavyohusiana ndiko fumbo liliko, na huko kitabu hakifiki.

Kompyuta iliyolala sakafuni

Kwa umbo, multiefekti ni kisanduku chenye swichi za kukanyaga, kioo kidogo, vitufe vya kuzungusha, na mara nyingi kanyagio moja la kusukuma kwa wayo. Kwa kazi, ni kompyuta. Nyuzi za chuma zikitikisika juu ya sumaku za pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, huzalisha umeme mdogo sana. Umeme huo ukiingia kisandukuni hupimwa mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, na kila kipimo hugeuzwa namba. Kuanzia hapo gitaa lako ni hesabu: namba zinazidishwa, zinakatwa, zinacheleweshwa, zinachanganywa. Mwishoni zinageuzwa tena kuwa umeme na kutoka upande wa pili.

Wapo wanaohofia kwamba hesabu hizo zinachelewesha sauti. Ni kweli zinachelewesha, kwa milisekunde chache. Lakini sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde tatu ni sawa na kusogea mita moja kutoka kwenye spika. Mpigaji aliyezoea kusimama hatua nne mbele ya amplifaya amekuwa akipiga na ucheleweshaji mkubwa kuliko huo miaka yote, na hajawahi kulalamika.

Zamani kila kazi ilikuwa na kisanduku chake. Kampuni ya Maestro ilitoa FZ-1, pedali ya fazi, yaani mkwaruzo mkali, mwaka 1962. Wa-wa ya Vox, pedali inayoufanya mlio utamke "wa-wa", ilifika madukani mwaka 1967, MXR wakatoa Phase 90 yenye mlio wa kuzunguka mwaka 1974, Boss wakatoa CE-1, korasi yao inayolifanya gitaa moja lisikike kama mawili, mwaka 1976. Mpigaji alibeba pedali tano au sita, kila moja na waya wake na betri yake. Mwaka 1988 Boss wakazikusanya kazi hizo sakafuni katika ME-5, na mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ikatoa POD, kile kisanduku chekundu chenye umbo la haragwe, kilichoongeza jambo kubwa zaidi: hesabu zilizoiga amplifaya yenyewe pamoja na spika yake. Mashine ndogo za miaka ya karibuni kama Boss GT-1, Zoom G1X Four au HX Stomp ni wajukuu wa fikra hiyo.

Ukiyajua haya unaweza kusoma majina yaliyomo ndani, maana watengenezaji hukwepa kutaja chapa za wenzao na huacha dokezo tu. Ukikuta amplifaya imeandikwa "JC", ni Roland Jazz Chorus JC-120 ya mwaka 1975, safi kama maji ya kisima, na kwa rumba na injili ndiyo ningekushauri uanze nayo. "Tweed" ni Fender za miaka ya 1950 zilizovikwa kitambaa cha rangi ya majani makavu. "Plexi" ni Marshall za mwishoni mwa miaka ya 1960 zenye paneli ya plastiki ngumu mbele. Herufi "AC" au "VX" humwelekea Vox AC30, na "Recti" ni Mesa/Boogie za muziki mzito wa roki. Ovadraivu, yaani kisanduku cha mkwaruzo, yenye picha ya kijani na herufi "TS" au neno "Scream" inaiga Tube Screamer ya Ibanez. Kitabu cha mashine huwa na jedwali la majina haya. Lichapishe ulibandike ukutani, litakuokolea saa nyingi za kubahatisha.

Umeme kwanza

Hili nalipitia haraka, ila ni kosa linaloua mashine ndani ya sekunde moja. Multiefekti nyingi ndogo hutumia volti 9 za umeme wa moja kwa moja, na hasi ikiwa katikati ya plagi. Adapta za ruta za intaneti na za vifaa vingi vya nyumbani huwa na chanya katikati, na nyingi ni za volti 12. Plagi zao zinaingia bila kipingamizi kwa sababu umbo ni lilelile. Angalia mchoro mdogo wa vidoti viwili na duara ulio kwenye adapta na kwenye mashine, lazima vifanane. Kisha angalia nguvu: adapta ambayo Zoom huiuzia mashine zake ndogo hutoa miliampia 500, wakati HX Stomp inadai ampia 3. Adapta yenye ampia nyingi kuliko zinazohitajika haina madhara, mashine huchukua kiasi chake tu. Yenye chache itaizima katikati ya wimbo.

Anza na utupu

Jambo la kwanza nililofanya baada ya Jumapili ile lilikuwa kufungua nafasi moja tupu, pachi isiyo na chochote ndani yake, na kupiga gitaa hivyo hivyo. Lilisikika kavu, dogo, la kuchosha. Ndivyo linavyopaswa kusikika, maana hapo unasikia gitaa lako na vidole vyako, na kila utakachoongeza utakijua kimeleta nini.

Sauti za kiwandani zimetengenezwa kwa kazi nyingine. Zimetengenezwa kumvutia mtu aliye peke yake, akijaribu mashine dukani Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kwa dakika tano. Kwa hiyo zina besi nene, riverbu ndefu (mvumo kama wa ukumbi mkubwa), dilei mbili (mwangwi unaorudia noti) na mkwaruzo mwingi, kwa sababu hakuna kinanda wala besi wala mwimbaji wa kugombania nafasi. Si mbovu. Ni nguo za harusi, nawe unakwenda shambani.

Kwa hiyo jenga. Na ukianza kujenga unakutana mara moja na suala la zamu, na hapa naomba tukae kwa muda, maana ndipo wengi tunapopotea.

Zamu ya vitu

Mpishi wa mchuzi wa nazi huanza na tui jepesi, akachemshia samaki au mboga, kisha tui zito akalimimina mwishoni na kulikoroga taratibu. Akigeuza zamu, tui zito hukatika, na mchuzi ukawa na mafuta juu na chengachenga chini. Viungo ni vilevile, chakula si kile. Multiefekti iko hivyo. Kwenye kioo utaona visanduku vimepangwa mstarini, sauti inaingia kushoto na kutoka kulia, na kila kisanduku kinapokea kile tu kilichopikwa na kilichotangulia.

Chukua mfano wa ovadraivu na dilei. Ovadraivu, distosheni na fazi zote hufanya kazi moja kwa viwango tofauti: hulikuza wimbi la sauti mpaka vichwa vyake vinagonga dari na kukatwa. Matokeo yake ni kwamba sauti kubwa na sauti ndogo hutoka zikiwa karibu na kimo kimoja. Dilei kwa upande wake hurudia ulichopiga, kila mwangwi ukiwa dhaifu kuliko uliotangulia: mzima, nusu, robo, mpaka unafifia. Ukiitanguliza ovadraivu, noti yako inakwaruzwa kwanza, kisha miangwi inafifia vizuri nyuma yake. Ukiitanguliza dilei, noti na miangwi yake yote vinaingia kwa pamoja kwenye ovadraivu, nayo inavivuta hadi kimo kimoja. Ile nusu na ile robo zinarudi zikiwa na nguvu kama ya noti yenyewe, juu ya noti mpya unayopiga. Unapata uji. Riverbu ikitangulia mkwaruzo inaleta uji mzito zaidi, kwa sababu riverbu ni maelfu ya miangwi midogo.

Kompresa huitangulia ovadraivu mara nyingi. Kazi yake ni kuzishika noti zenye nguvu na kuziachia zilizo dhaifu, ili zote zifike kwa usawa. Kwa mpigaji wa solo wa sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezesha watu, anayemwaga noti kama mvua za masika, hiki ndicho kisanduku chenye thamani kuliko vyote mashineni, ingawa hakina mbwembwe yoyote. Noti iliyoguswa kwa kidole kichovu inasikika sawa na iliyoguswa kwa nguvu. Tahadhari ni moja: kompresa inapoinua vilivyo dhaifu huinua na makelele. Pikapu za koili moja hunasa mngurumo wa umeme wa ukutani, ambao kwetu ni wa Hz 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na ukiweka kompresa kali utausikia mngurumo huo kila unapopumzika. Hapo ndipo noizi geti, lango linalofunga makelele, inapohitajika, nayo huwekwa mwanzoni kabisa mwa mstari. Ipandishe polepole kutoka sifuri na usimame mara tu mngurumo unapokatika, maana ukizidisha itakata na mikia ya noti zako.

Wa-wa hukaa kabla ya mkwaruzo. Korasi na ndugu zake hukaa baada yake, kisha dilei, kisha riverbu. Hii ni desturi tu, ukiivunja hakiharibiki kitu, ila uivunje ukijua unatafuta nini.

Kanyagio la volyumu lina siri yake. Ukiliweka kabla ya ovadraivu, ukipunguza kwa wayo unapunguza ukali wa mkwaruzo, na sauti inasafika bila kushuka sana. Ukiliweka baada ya ovadraivu, mkwaruzo unabaki uleule na kinachoshuka ni ukubwa wa sauti. Ukiliweka baada ya dilei na riverbu, ukifunga unakata kila kitu pamoja na miangwi. Ukiliweka kabla yake, unafunga gitaa huku miangwi ikiendelea kufifia yenyewe, na katika nyimbo za kuabudu taratibu huo ni uzuri mtupu. Kanyagio ni moja, na tabia tatu zinatokana na mahali lilipokaa.

Gaini na ukubwa wa sauti

Vitufe viwili vinavyochanganywa kuliko vyote ni gaini na kile cha kiwango cha kutokea. Gaini ni nguvu inayoingia kwenye kisanduku, na huamua sauti itakwaruzwa kiasi gani. Kiwango ni nguvu inayotoka, na huamua itasikika kubwa kiasi gani. Mpigaji asiyesikika huzungusha gaini akitafuta ukubwa. Anapata mkwaruzo zaidi na kishindo pungufu, kwa sababu mkwaruzo umeshavikata vichwa vya mawimbi, na ule mgongo wa noti unaopenya katikati ya bendi umekatika pamoja navyo. Punguza gaini hadi uone kama imepungua mno ukiwa peke yako. Kwenye bendi itatosha.

Na kila unapowasha efekti, izime na uiwashe tena huku ukipiga kitu kilekile. Ukubwa wa sauti ubaki sawa, isipokuwa kama umekusudia kupandisha kwa ajili ya solo. Sikio la binadamu husikia kilicho kikubwa zaidi kuwa ndicho kizuri zaidi, na kwa sababu hiyo tu nilizipenda sauti nyingi za kiwandani ambazo nilipozisawazisha niligundua hazikuwa zimeongeza chochote.

Waya unaishia wapi?

Hili ndilo swali ambalo sikujiuliza, na ndilo lililolimeza gitaa langu.

Spika ya amplifaya ya gitaa, mara nyingi ya inchi 12, haitoi sauti zote. Ikishapita Hz 5,000 hivi inaporomoka kwa kasi. Upungufu huo ndio tuliouzoea kuwa "mlio wa gitaa la umeme", kwa sababu ule mchakato wa mkwaruzo huzaa vipande vikali vya sauti za juu ambavyo spika hiyo huvifunika. Spika za ukumbini hutoa kila kitu, hadi karibu na Hz 20,000. Ukipeleka mkwaruzo mtupu kwenye mikisa, watu watasikia nyuki waliofungiwa kwenye debe. Kwa sababu hiyo multiefekti zina kisanduku cha kuiga kabineti, yaani spika na lile boksi lake la mbao pamoja na maikrofoni iliyowekwa mbele yake.

Kwa hiyo kuna hali mbili kuu. Ukichomeka kwenye mikisa, hedifoni au kompyuta, kabineti ya kuiga iwashwe. Ukichomeka kwenye amplifaya halisi ya gitaa, izimwe, maana spika halisi ipo na kabineti juu ya kabineti huleta mlio wa mtu anayesemea ndani ya blanketi. Mashine nyingi zina mpangilio mmoja wa jumla unaouliza umechomeka wapi. Katika GT-1, kwa mfano, unachagua aina ya amplifaya au unachagua laini na hedifoni. Mpangilio huo uko nje ya pachi, hukaa kwenye menyu ya mfumo, na kwa kuwa mtu hufika huko mara moja kwa mwaka, ni rahisi kuusahau. Mashine yangu ilikuwa imewekwa kwa amplifaya. Nilipochomeka kwenye mikisa ya kanisani, ilituma sauti iliyopangiliwa kwa ajili ya spika ambayo haikuwepo.

Bendi zetu nyingi, za kanisani na za harusini, hazina tena amplifaya ya gitaa jukwaani. Waya unatoka kwenye gitaa moja kwa moja hadi mikisa. Kwa mazingira hayo multiefekti ina faida hata ukiizimia kila kitu, kwa sababu pikapu ya gitaa ni dhaifu na inahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, kama megaomu moja, ili isipoteze sauti zake za juu. Tundu la kawaida la laini kwenye mikisa lina kiloomu kumi hivi, nalo hulifanya gitaa lisikike limefunikwa. Multiefekti hulipokea gitaa kwa ukinzani linaoutaka, kisha hutoa umeme wenye nguvu ya kusafiri.

Ukiwa na waya mmoja tu, tumia tundu la kushoto, lile lililoandikwa pia neno la mono. La kulia peke yake litakupa nusu ya baadhi ya efekti za stirio. Waya ukiwa mrefu kuliko mita sita hivi, mwombe fundi mitambo kisanduku cha DI, kitakachopeleka sauti kwa waya wa maikrofoni bila kunasa mngurumo njiani. Na umuulize kwa adabu kama zile volti 48 za maikrofoni zimezimwa kwenye mstari wako, maana mashine nyingi hazikuundwa kupokea umeme kutoka upande wa kutokea. DI yenye transfoma huzizuia, adapta ya waya ya bei nafuu haizizuii.

Kutafuta nafasi ndani ya bendi

Uzi wenye sauti ya chini kabisa wa gitaa hutikisika mara 82 kwa sekunde, ule wa gitaa la besi mara 41. Teke la ngoma kubwa linaishi hukohuko chini. Gitaa lenye besi nyingi linagombania chumba ambacho tayari kimejaa, na mwenye chumba ni besi. Kwa hiyo baada ya kabineti weka ekwalaiza, kisanduku cha kupandisha na kushusha besi, sauti za kati na za juu, na ukate kila kilicho chini ya Hz 100, wakati mwingine hata 120. Nyumbani gitaa litasikika jembamba, na hapo ndipo wengi wanarudisha. Usirudishe. Lile jembamba ukilisikia juu ya besi halisi linageuka kuwa zima, kwa kuwa besi inalikamilisha.

Gitaa hupenya kwa sauti za kati, kati ya Hz 500 na 2,000 hivi. Sauti nyingi za kiwandani zimechimbwa shimo hapohapo, zikaachwa besi na ukali, kwa sababu mlio wenye shimo hupendeza ukiwa peke yake. Kwenye bendi shimo hilo hujazwa na kinanda na waimbaji, wewe ukabaki kuwa mngurumo na mchakacho.

Wazee wetu wa dansi waliliweza hili bila kompyuta. Bendi za rumba za Kongo na za dansi za Tanzania zimeweka magitaa matatu jukwaani pamoja na besi: rithim, solo, na lile la kati ambalo Wakongo huliita mi-solo. Hayagongani, kwa sababu kila moja limepewa ngazi yake ya shingo na mlio wake: rithim chini na nene kidogo, mi-solo katikati, solo juu na kali. Ukiwa na multiefekti una uwezo wa kuchora mipaka hiyo kwa ekwalaiza, lakini ukianza na mahali mkono unapopiga utahitaji kuchora kidogo sana.

Kuhusu dilei, tumia hesabu badala ya kubahatisha. Gawanya 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, utapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 una milisekunde 500 kwa pigo. Robo tatu ya pigo ni 375, na mwangwi wa kipimo hicho huzunguka ndani ya mdundo kana kwamba kuna mpigaji wa pili. Rumba ya mapigo 100 ina 600. Swichi ya kugonga mapigo hukufanyia hesabu hiyo ukiigonga kwa wayo kufuata ngoma. Kwa sebene sikushauri dilei ndefu kabisa: noti ni nyingi, na miangwi inadondokea juu ya noti nyingine. Weka milisekunde 80 hadi 120, mwangwi mmoja au miwili, uchanganye kidogo tu, gitaa litanenepa bila kuchafuka. Benga inahitaji pungufu hata ya hapo, yaani karibu na kavu. Gitaa la benga linafuata udonoaji wa nyatiti, ala yenye nyuzi nane isiyojua kuburuza mkia, na raha yake yote iko kwenye ule ukavu.

Riverbu nayo iulize nyumba. Kanisa lenye sakafu ya vigae, kuta za zege na paa la bati tayari ni riverbu. Ukiongeza ya mashine juu yake unamrudisha mpigaji mwisho wa ukumbi. Nyumbani, kwenye chumba chenye kitanda na mapazia, hutasikia tatizo hilo kamwe.

Kwa nini usiku si wakati wa kuamua

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell huko Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba ukosefu huo wa usawa hubadilika kulingana na ukubwa wa sauti. Sauti ikiwa ndogo, sikio hupoteza besi zaidi, na za juu sana nazo hufifia. Mpigaji anayejenga mlio usiku, kwa sauti ya chini ili asiwaamshe majirani, anaongeza besi na ukali kufidia kile ambacho sikio limeficha. Akifika ukumbini sauti ikapandishwa, sikio linavirudisha vyote, na alivyoongeza vinakuwa ziada juu ya ziada: chini kunavuma, juu kunachoma.

Basi usiku jifunze menyu, panga zamu, rekodi rithim kwenye lupa, kinasa kinachorudiarudia ulichopiga, ambayo kwa mashine ndogo huwa na nafasi ya sekunde 30 hivi, na ujizoeze solo juu yake. Maamuzi ya besi, ukali na riverbu yaahirishe mpaka siku ya mazoezi, sauti ikiwa kubwa kama ya ibada na wenzako wakiwa wanapiga.

Kuhifadhi, na namna mbili za kukanyaga

Mabadiliko usiyoyahifadhi hupotea unapohamia pachi nyingine. Kuna kitufe cha kuandika, kizoee. Vipe vitu majina yanayokuambia kazi: "ROHO SAFI" au "SOLO JUU" vinasaidia kuliko "PACHI 07", hasa taa za jukwaani zikiwa hafifu. Kabla ya kusasisha fimwea, yaani programu ya ndani ya mashine, kwa waya wa USB, toa kwanza nakala ya pachi zako kwenye kompyuta, maana usasishaji wakati mwingine huzifuta.

Unaweza kukanyaga kwa namna mbili. Katika ya kwanza kila swichi huita pachi nzima, na kila kitu hubadilika kwa mkanyago mmoja. Lakini mashine nyingi za bei ya kawaida hukata sauti kidogo wakati wa kuhama, na miangwi iliyokuwa ikififia hukatika ghafla. Katika ya pili unabaki ndani ya pachi moja, na kila swichi huwasha au kuzima kisanduku kimoja, kama pedali za zamani. Miangwi haikatiki, na kila wakati unajua uko wapi. Mimi nimechagua ya pili, na sioni sababu ya anayeanza kuchagua nyingine.

Alhamisi iliyofuata nilifika kanisani saa moja kabla ya mazoezi, nikamkuta fundi mitambo akikunja waya. Mashine niliiweka kwenye laini, kabineti nikaiwasha, nikakata chini ya Hz 100, riverbu nikaizima kabisa. Pachi ilikuwa moja: kompresa, ovadraivu ya gaini ndogo, JC, dilei ya milisekunde 100. Swichi tatu. Wenzangu walipofika tukapiga wimbo uleule wa Jumapili, naye akatembea hadi mlango wa nyuma, akasimama huko ubeti mzima na kiitikio chake. Aliporudi kwenye mikisa alininyanyulia kidole gumba, kisha akashika fida yangu, kile kitelezo cha sauti kwenye mikisa, na kuishusha kidogo, kwa sababu sasa gitaa lilikuwa limezidi.